Tuchange Vitanda, au Tulipe Tunachodaiwa?

SWALI: Mimi ni mama mwenye kiwanda kidogo cha mikate Kisumu, upande wa Kondele. Nina wafanyakazi 26, na mbali nao wapo vijana wa boda boda wanaonipelekea kreti alfajiri kwenye vibanda vya Manyatta, Nyalenda na Obunga. Kabla ya korona tulikuwa 34. Mwaka 2020 kafyu ilipovuruga zamu ya usiku na shule zikafungwa, niliwaachisha kazi 8, nikawapa mshahara wa mwezi ule na basi. Sasa chama chetu cha wafanyabiashara kinataka kila mwanachama achange ili tuisaidie jamii kuinuka, kwa maana wengi hawajarudi walipokuwa, kiafya wala kimaisha. Wengine wanataka tununue vitanda vya hospitali, wengine kambi ya matibabu ya bure ya siku moja, na mmoja anataka tumlete mhamasishaji azungumze na wafanyakazi. Mimi sina pesa za kuchezea. Biashara ya kiasi changu inaweza kufanya nini kinachosaidia kweli? Na wale 8, je?

JIBU: Mama, nakusalimu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate: usianze na vitanda. Anza na daftari la mishahara, halafu daftari la wanaokudai, halafu madirisha ya chumba cha kufungia mikate. Pesa zikibaki baada ya hapo, ndipo tuzungumze habari za zahanati. Najua mambo hayo hayatoi picha ya kupendeza ya watu wamesimama na hundi kubwa ya kadibodi. Lakini umeniuliza kinachosaidia.

Hadithi ya vitanda tumekwisha kuiona. Mwaka 2020 kila kaunti iliagizwa itayarishe angalau vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Magodoro yakanunuliwa, kumbi zikageuzwa wodi. Juni mwaka huohuo Wizara ya Afya ikaanzisha utaratibu wa kuwatunza nyumbani wagonjwa wasio mahututi, kwa kuwa wengi hawakuhitaji kulazwa. Kisha katikati ya 2021 Delta, aina mpya ya kirusi cha korona, ikatufikia huku kwetu. Utakumbuka Juni ile kaunti 13, kuanzia Busia na Bungoma hadi Kisumu, Homa Bay na Migori, zilivyowekwa chini ya kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri huku sehemu nyingine za nchi zikipumua kidogo. Mgonjwa aliyezidiwa siku zile hakuwa akilia kitanda. Alikuwa akitafuta oksijeni, na muuguzi wa kumwangalia usiku. Kitanda ndicho kitu rahisi kuchangia, kwa sababu kinaonekana na hakidai mshahara mwisho wa mwezi. Ndiyo maana kila kamati hukitaja kwanza.

Kambi ya siku moja siipingi sana. Mtu atapimwa presha na sukari, aambiwe iko juu, apewe vidonge vya wiki mbili. Wiki ya tatu je? Kama kambi haina daftari linalompeleka mgonjwa yule kwenye kituo cha karibu naye, ambako atarudi kila mwezi, mmempa hofu na kofia ya bure.

Ukitazama nyuma, biashara zilizosaidia sana wakati wa janga hazikuacha kazi yao zikaenda kugawa misaada. Zilifanya kazi yao ileile kwa namna nyingine. Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini tarehe 13, Safaricom iliondoa ada ya kutuma pesa kwa M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na hali ikabaki hivyo hadi mwaka ukaisha. Haikuwa hisani tupu. Kampuni nayo ilibaki na wateja wake. Lakini mama mboga wa Kibuye alipokea pesa bila kushika noti na bila kukatwa. Rivatex kule Eldoret, kiwanda cha vitambaa, kikashona barakoa. Mafundi wa jua kali wakachomelea vyuma vya kunawia mikono kwa kukanyaga pedali, na mtoto wa miaka 9 wa Bungoma akatengeneza chake kwa mbao na misumari hadi akatunukiwa nishani na Rais. Vingi vya vyombo hivyo sasa vimekauka milangoni, vimebaki vya kuning'inizia mwavuli.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: kazi yako ni nini? Unaoka, unalipa watu, unanunua bidhaa, na alfajiri unafika kwenye vibanda vingi kuliko ofisi yoyote ya serikali. Msaada wako utoke humo.

Tuanze na siku za ugonjwa, maana hapo ndipo penye uzito.

Maradhi yanayoenea kwa pumzi huingia kazini yakiwa mwilini mwa mtu asiyemudu kubaki nyumbani. Mwokaji ana homa. Anajua ana homa. Lakini asipokuja leo, leo hailipwi, na mwenye nyumba anangoja tarehe 5. Basi anameza dawa ya kupoza, anakuja, anasimama usiku kucha bega kwa bega na wenzake kwenye meza ya kukandia. Wiki inayofuata umepoteza watu wanne, na wateja wako wa Manyatta hawajapata mkate. Mabango ya "nawa mikono" hayawezi kumzuia mtu huyu. Kinachomzuia ni kujua kwamba akilala siku 3 nyumbani, bado atalipwa.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na siku 7 nyingine kwa nusu malipo katika kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini, hukatazwi kukipita. Nina shaka, bila kukutuhumu, kwamba kati ya watu wako 26 wapo unaowaita vibarua na hujawahi kuwahesabia siku hizo. Sheria hiyohiyo inasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hesabu haiwezi kumalizika chini ya miezi 3, huyo si kibarua tena. Masharti ya mwajiriwa wa mshahara wa mwezi yanamhusu. Kupakia mikate kila usiku kwa miaka miwili si kibarua, hata kama unamlipa kwa siku na hata kama yeye mwenyewe amezoea kujiita hivyo.

Sasa hesabu. Tuseme wastani wa malipo kwako ni shilingi 800 kwa siku, na unaamua kila mtu awe na siku 3 za ziada za ugonjwa kwa mwaka, zilizo nje ya zile za sheria, asizodaiwa cheti. Wote 26 wakizitumia zote, utakuwa umetoa shilingi 62,400 kwa mwaka mzima. Na wote hawataugua. Kwa nini bila cheti? Kwa sababu ukimdai mtu mwenye mafua karatasi ya daktari, unamtuma akakae foleni ya saa tano na wagonjwa wengine, alipe nauli kwenda na kurudi, akuletee karatasi ya kusema alikuwa na mafua.

Utaniuliza, hawatanidanganya? Wachache watadanganya. Daima wapo. Lakini msimamizi wako wa zamu anawajua kwa majina, na mwizi wa siku mbili ni nafuu kuliko tanuri kuzimwa Jumamosi.

Kuhusu hewa nitasema machache kwa sababu jambo lenyewe si gumu. Shirika la Afya Duniani lilishauri katika miongozo yake ya korona kwamba sehemu za kazi zipate hewa safi ya angalau lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Huna kifaa cha kupimia, na huhitaji. Ingia chumba cha kufungia mikate saa tisa usiku, mlango ukiwa umefungwa. Ukipokewa na joto na harufu ya jasho, mnapumua hewa iliyokwisha kupumuliwa. Fungua matundu mawili yanayotazamana, moja juu upande joto linakotokea na jingine chini upande wa pili, weka wavu wa kuzuia nzi na panya, basi. Feni ya kutoa hewa nje ukiweza. Kazi hiyo fundi wa mtaani anaimaliza mwisho wa wiki. Faida yake haingojei janga jingine: kifua kikuu nacho husafiri hewani, na vumbi la unga huwapa waokaji pumu, maradhi ambayo wengi huyachukulia kama kikohozi cha kazi.

Tazama pia wanapolala. Najua viwanda vya mikate vya mji huu: wale wanaomaliza kazi saa nane usiku hawana matatu ya kurudi, basi wanajibanza stoo juu ya magunia mpaka kuche. Chumba kile kidogo kisicho na dirisha kinaambukiza kuliko kiwanda kizima. Ukiwalipia boda boda ya kurudi nyumbani, au ukisogeza mwisho wa zamu hadi matatu za kwanza zinapoanza, utakuwa umefanya zaidi ya katoni mia za sanitaiza.

Na kwa kuwa umefikisha watu 20 na zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uwe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wako na wa wafanyakazi. Usiifanye ya karatasi. Mweke mpakiaji mmoja humo, tena yule mkaidi anayelalamika kila siku.

Wapo watu ambao korona haikuwaua wala haikuwaacha. Shirika la Afya Duniani huieleza hali hii kwa dalili zake: uchovu, kuhema, kusahau, mambo yanayojitokeza kwa kawaida ndani ya miezi 3 tangu kuugua na kudumu angalau miezi 2 bila sababu nyingine. Kwa wengine imeenda miaka. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la kilo 50 bila kutweta sasa anakaa chini kila baada ya safari mbili, na wenzake wanamwita mvivu. Mhamishe kwenye kuhesabu au kufungia, mpunguzie saa kwa miezi michache kisha umwongezee taratibu. Usimsukume "azoee", maana baadhi yao huzidiwa wakilazimishwa.

Hapo lazima niongeze habari ya siri. Waokaji na wote wanaoshika chakula tayari hupimwa kila miezi 6 ili wapate cheti cha afya, na karatasi zile mara nyingi hutundikwa au kutupwa kwenye droo iliyo wazi. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Cheti kionyeshe kwa mkaguzi, lakini majibu ya vipimo hayamhusu msimamizi, wala mumeo, wala karani. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tulipaswa kuwa tumejifunza jambo hili zamani kwa Ukimwi. Watu walikufa wakificha vidonge kwenye soksi kwa kuogopa kufukuzwa, hata baada ya sheria ya 2006 kukataza kumpima mtu kwa lazima kama sharti la kuajiriwa. Aliyeona mwenzake akitangazwa hawezi kukuambia ukweli siku akikohoa.

Halafu bima. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi, isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Wewe huongezi kitu, unakata na kupeleka tu. Lakini kukata bila kupeleka, jambo ambalo waajiri wadogo hulifanya mwezi ukiwa mgumu wakidhani watafidia mwezi ujao, kunamwacha mtu akifika hospitali na mke mwenye uchungu aambiwe malipo yake hayaonekani. Kama kuna deni moja ambalo hupaswi kulichezea ni hili. Pia chagua siku moja, msimamizi akae na simu na kila mfanyakazi ahakikishe mke au mume na watoto wameandikishwa chini yake. Utashangaa wangapi wanakatwa kila mwezi na watoto wao hawamo.

Wale wa boda boda na akina mama wa vibanda hawako kwenye daftari lako, na hapo ndipo ninapoona nafasi yako kubwa zaidi. Asiye na mshahara hukadiriwa kipato cha nyumba yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka kwa mkupuo. Hata kwa kiwango cha chini kabisa hiyo ni shilingi 3,600, na mwenye kibanda anayezungusha mtaji wa elfu mbili hana 3,600 zilizolala. Wewe unamkopesha mikate kila alfajiri na kukusanya jioni, mnajuana. Mlipie ya mwaka, kisha ongeza shilingi 75 kwenye hesabu yake ya kila wiki kwa wiki 48. Usiweke riba. Atakayeshindwa, utampoteza pamoja na deni lake la mikate, kama inavyotokea sasa bila bima. Anza na watano unaowaamini. Na waambie jambo ambalo wengi hawalijui: aliyejiandikisha anahudumiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali, kwa sababu ngazi hizo zina mfuko wake. Kujiandikisha peke yake, kabla hata ya kulipa, kuna faida.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani chama chenu hakitapenda kulisikia.

Baada ya 2020 biashara ndogo nyingi za Kisumu hazikuangushwa na kukosa wateja tu. Ziliangushwa na kutolipwa. Mwenye hoteli alimwambia mwenye kuku angoje, mwenye kuku akamwambia muuza chakula cha kuku angoje, na huyo naye akamwambia mwalimu wa shule ya binafsi kwamba karo itakuja. Mwisho wa mnyororo huo yupo mtoto aliyerudishwa nyumbani, au bibi aliyeacha kumeza dawa za presha kwa sababu mwanawe hakutuma. Serikali za kaunti zenyewe ni walipaji wa kuchelewa, na Mdhibiti wa Bajeti hulitaja hilo katika ripoti zake mara kwa mara. Hilo halipo mkononi mwenu. Lakini mnadaiana ninyi kwa ninyi. Nina hakika ukisimama kwenye mkutano wenu ukauliza ni nani hapa anamdai mwenzake aliyekaa humu kwa zaidi ya miezi mitatu, mikono itakayoinuliwa itakuwa mingi kuliko michango iliyoahidiwa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa chama, kabla ya kitanda chochote: kila mwanachama amlipe mtu wa chini yake, yaani muuza mayai, mkata kuni, fundi wa gari, msafirishaji, ndani ya siku 14 tangu kupokea bidhaa. Andikeni, mtie sahihi, na mwanachama akichelewa mara tatu jina lake lisomwe mkutanoni. Pesa hiyo si ya kutafutwa popote. Ipo tayari, ila iko mfukoni mwa asiyestahili kuishika. Mwenye mayai akijua hakika kwamba Ijumaa ya pili atalipwa, ataacha kukopa kwa zile programu za simu zinazomla riba, na atampeleka mtoto kliniki siku anapougua badala ya kungoja.

Na ukikutana na mama wa kibanda aliyekwama na deni la zamani la 2020 au 2021, mfutie sehemu, mwandikie iliyobaki kwa awamu, umpe tena kreti. Deni lililokufa kwenye daftari lako halikuletei chochote ila kumfanya azunguke njia ya nyuma akikuona.

Mhamasishaji? Hapana. Samahani kwa mwanachama aliyemtaja, lakini kumlipa mtu avae suti aje kuwaambia waokaji wasiolipwa siku za ugonjwa kwamba "wabadilishe mtazamo" kunaniudhi. Tatizo lenyewe ni la kweli. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi uliopindukia viliongezeka duniani kwa takriban asilimia 25 katika mwaka wa kwanza wa janga. Huku kwetu nadhani kuna kidonda kingine ambacho tarakimu hizo hazikioni, nacho ni mazishi. Magharibi na Nyanza mtu hazikwi alasiri moja watu wakatawanyika. Kuna matanga, kuna wakwe wanaopaswa kufika, kuna mambo yasiyosemwa mpaka usiku wa tatu. Mwaka 2020 waliruhusiwa watu 15 kaburini. Juni 2021, katika zile kaunti 13, mwili ulitakiwa uwe ardhini ndani ya saa 72. Wafanyakazi wako wamo waliozikiwa baba na watu waliovaa mavazi meupe wasiowajua, wao wakiwa mjini, barabara zimefungwa. Wengine mpaka leo familia hazijafanya ya kufanya, kwa sababu pesa hazikupatikana au ndugu walilaumiana.

Sheria ya Ajira haitaji likizo ya msiba. Iweke wewe. Siku 5 zenye malipo kwa mzazi, mwenzi au mtoto, na siku 2 kwa kumbukumbu ya mtu aliyezikwa nyakati zile ikiwa familia sasa inataka kukamilisha taratibu. Usimwulize mtu kwa nini ameomba siku ya kumkumbuka mama aliyefariki miaka kadhaa iliyopita. Zaidi ya hapo, mfundishe msimamizi wako mambo machache: mtu aliyebadilika ghafla, anayelewa kazini, anayekosa mara kwa mara siku ya Jumatatu, aitwe kando na aulizwe kwa upole kabla ya kuandikiwa barua. Na ukutani, karibu na choo cha wanawake, si ofisini kwako, bandika namba 1195 ya simu ya bure kwa waliodhulumiwa kijinsia na 116 ya watoto. Kafyu iliwafungia wengi ndani na anayewapiga, na si wote waliotoka.

Chama kikiwa bado na pesa za kuchanga, basi nendeni zahanati ya mtaa mnakofanyia biashara, si hospitali kubwa. Pale Russia, namaanisha hospitali ya Jaramogi, mchango wenu utamezwa. Zahanati ya Manyatta au Obunga utaonekana. Kaeni na msimamizi na kamati yake, mwulizeni swali moja: ni kitu gani kilichowazuia wiki iliyopita kumhudumia mtu? Msiende na jibu mkononi. Mara nyingi mtasikia maji, umeme, au kivuli cha wanaongoja nje. Tangi na bomba lake vina faida hata bila janga, kwa mji ambao kipindupindu hakiishi kuupigia hodi. Kisha ongeeni na wahudumu wa afya ya jamii, wale wenye mikoba ambao serikali iliwapa vifaa mwaka 2023. Wanatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba. Vijana wako wa boda boda wakishashusha kreti wanarudi mikono mitupu asubuhi ile ile. Kumpakia mhudumu mmoja mara mbili kwa wiki hadi Nyalenda kunakugharimu mafuta ya kuhesabika.

Kuhusu janga lijalo sitakuchosha. Mpoksi ilitangazwa nchini Julai 2024, na ilipatikana kwa dereva wa masafa marefu, watu wale wale waliolala foleni za maili nyingi Malaba na Busia mwaka 2020 wakingoja vipimo. Tuko njiani, yatapita kwetu. Weka akiba ya mishahara ya wiki mbili kwenye akaunti isiyoguswa, na kila kazi ya lazima iwe na watu wawili wanaoijua. Usitegemee kuziuzia shule peke yake, umekwisha kuona kilichotokea zilipofungwa Machi 2020 na kutofunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2021.

Nimemalizia na wale 8 kwa sababu nilitaka uyasome mengine kwanza.

Mfanyakazi anayepunguzwa kwa sababu ya biashara kuanguka anastahili taarifa ya mwezi mmoja, siku zake za likizo zilizobaki, na kiinua mgongo kisichopungua malipo ya siku 15 kwa kila mwaka mzima aliokutumikia. Wewe uliwapa mshahara wa mwezi ule tu. Sheria inampa mfanyakazi miaka 3 kupeleka madai ya namna hiyo mahakamani, na hiyo imepita, kwa hiyo wakili yeyote atakuambia umeshasalimika. Huenda ndiyo maana umeniuliza mimi badala yake.

Piga hesabu ya kila mmoja kwa mshahara wake wa wakati ule. Aliyekaa miaka 6 kwa shilingi 700 kwa siku anakudai 63,000. Huwezi kuzitoa zote kwa mara moja, na sitaki ufunge kiwanda. Mchango uliokuwa uupeleke kwenye vitanda uanze hapa, kwa awamu za kila mwezi, kwa karatasi iliyotiwa sahihi na pande mbili. Nafasi ikitokea, waitwe wao kabla ya kutangaza kazi. Wengine watakuwa wamerudi nyumbani Siaya au Vihiga, wengine wana kazi nyingine na hawataki kurudi; bado walipwe. Anza na aliyekaa miaka mingi zaidi. Wale mlioachana kwa maneno makali usiwapigie simu mwenyewe kwanza, tuma mtu mzima wanayemheshimu, na aende na awamu ya kwanza mkononi.